Maneno ya Kukariri

Mwaka 1984, nikiwa mkufunzi wa chuo cha ualimu, nilikesha na kibatari nikikariri maneno magumu ya Kiingereza kwa ajili ya GRE, mtihani wa shahada za juu ulioanza Marekani mwaka 1936. Uliuliza kinyume cha neno tupu, bila sentensi ya kulishikiza. Mke wangu, aliyeishia darasa la nne, alishika orodha akinikosoa. “Laconic”, yaani msema machache, lilinikaa kwa kuwa latokana na Laconia, nchi ya Wasparta. Mengi yalipeperuka. Alama hazikutosha, sikwenda. Nilipopewa ukuu wa shule niliwakaririsha wanafunzi vivyo hivyo, kwa fimbo, Mungu anisamehe. Mwaka 2011 maswali ya vinyume yaliondolewa. Orodha yangu ilikwisha fungiwa karanga zamani.