Seli za Muguga zilizokataa kufa

Mfugaji wa Elburgon hahitaji kuelezwa ndigana kali ni nini. Ng'ombe hushikwa na homa, tezi za chini ya sikio huvimba, pumzi humpaa, na asipotibiwa mapema aghalabu hufa. Kisichosimuliwa sana ni kwamba ugonjwa huohuo uliiweka maabara ya utafiti ya Muguga, nje kidogo ya Nairobi, mstari wa mbele duniani katika kazi ya kukuza seli nje ya mwili.

Miaka ya 1960 kazi hiyo ilikuwa inawatoa jasho watafiti wengi. Seli ya kawaida ikitolewa mwilini hugawanyika kwa muda, kisha hukoma. Seli za pituitari ya binadamu, tezi inayotoa homoni ya ukuaji, zilikuwa ngumu kukuza. Nchini Marekani, mtafiti Armen Tashjian na wenzake waliikwepa shida hiyo kwa kutumia uvimbe wa pituitari ya panya. Seli walizozieleza mwaka 1968, ziitwazo GH3, ziliendelea kuzaana huku zikitoa homoni ya ukuaji, na hadi leo zimo maabarani.

Muguga, kilichozipa seli uhai mrefu si uvimbe bali ni kimelea.

Theileria parva, kimelea cha ndigana kali, huletwa na kupe. Huingia ndani ya seli nyeupe ya damu ya ng'ombe na kuichochea igawanyike bila kukoma. Mwaka 1964 watafiti Hulliger, Wilde, Brown na Turner walionyesha kwamba seli inapogawanyika, kimelea nacho hugawanyika papo hapo, kila seli mpya ikaondoka na fungu lake. Mwaka 1970 Malmquist, Nyindo na Brown wakatangaza kwamba wamekuza seli za wengu wa ng'ombe zilizoambukizwa, zikaendelea kuzaana kizazi baada ya kizazi. Majina hayo yanastahili kufundishwa katika shule zetu.

La ajabu zaidi ni hili: kimelea kikiuawa kwa dawa, seli huacha kuzaana. Zilikuwa zikienda kama kansa, na sasa zimetulia. Ndiyo maana watafiti wa kansa nao huzichunguza. Buparvaquone, dawa ambayo madaktari wa mifugo huwadunga ng'ombe wa ndigana kali, ilipimwa kwenye seli za namna hii.

Palikuwa na tumaini kwamba seli zenyewe zingekuwa chanjo. Halikutimia, kwa sababu mwili wa ng'ombe hukataa seli za mwenzake, hivyo zilihitajika nyingi mno. Chanjo iliyoshika ni ile ya kuambukiza na kutibu, iliyotokana pia na kazi ya Muguga katika miaka ya 1970: vimelea hai kutoka kwa kupe waliosagwa, aina tatu, yaani Muguga, Kiambu 5 na Serengeti, vikidungwa pamoja na oksitetrasaiklini inayokaa mwilini siku kadhaa. Kuchanjwa mara moja humlinda ng'ombe kwa miaka mingi.

Chanjo hiyo huhifadhiwa ikiwa imegandishwa katika naitrojeni ya kimiminika na hufungwa kwa dozi nyingi pamoja. Ikishayeyushwa ni lazima itumike siku hiyohiyo. Mwenye ndama mmoja peke yake haimfai kuifungua. Wafugaji wa Elburgon, Molo na Njoro wakusanye ndama wao kupitia vyama vya ushirika, wamwite daktari wa mifugo mara moja kwa wote.