Sumu ya Lumumba na mkataba uliochelewa

Mtajie mtu wa Fizi, teritwari ya mashariki mwa Kongo, silaha zilizopigwa marufuku na dunia, atakujibu kwa habari za gesi ya Halabja, Iraq, au ya Syria. Hana kosa. Silaha alizoziona yeye ni bunduki na panga, na waliouawa Makobola mwishoni mwa 1998 hawakuhitaji gesi ili wafe. Hata hivyo historia ya silaha za vijidudu inapita Kongo, na inamgusa mtu ambaye kwa jina lake teritwari hii iliingia msituni.

Septemba 26, 1960, mkemia wa CIA, Sidney Gottlieb, alitua Léopoldville, Kinshasa ya leo, na kumkabidhi Larry Devlin, mkuu wa shirika hilo nchini, kifurushi cha sumu, sindano, glavu na barakoa. Sumu ilikusudiwa kuingia katika chakula cha Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, au katika dawa yake ya meno. Kabla ya safari, Gottlieb alipitia orodha ya vimelea na sumu zilizokuwepo Fort Detrick, kituo cha jeshi la Marekani huko Maryland, akateua kitu kitakacholeta ugonjwa uliozoeleka katika sehemu hii ya Afrika.

Kigezo hicho kinaniuma kuliko sumu yenyewe. Mpango mzima ulitegemea kwamba Mwafrika akifa kwa homa au kuhara, atazikwa bila mtu kuuliza.

Haukufanikiwa. Lumumba alikuwa amezingirwa nyumbani kwake, askari wa Umoja wa Mataifa karibu naye na wale wa mkuu wa jeshi, Mobutu, nje yao, na jikoni hakukufikika. Sumu ikapoteza nguvu, ikatupwa mtoni Kongo. Yeye aliuawa kwa risasi Katanga, Januari 17, 1961. Wafuasi wake waliinuka 1964 chini ya Gaston Soumialot, Fizi na Baraka zikawa ngome yao, na Aprili 1965 Che Guevara akavuka Ziwa Tanganyika kuwasaidia, kutoka Kigoma hadi Kibamba. Miezi michache baadaye mamluki wa Mike Hoare, waliopigania serikali, walishuka Baraka, wakisaidiwa na ndege na boti za CIA. Mkuu wa CIA Léopoldville wakati huo? Devlin yuleyule, aliyekuwa amerudishwa kazini.

Je, kifurushi kile kilivunja mkataba wowote? Kuua kwa sumu ni kuua, hilo halina mjadala. Lakini Itifaki ya Geneva ya Juni 17, 1925, iliyozaliwa na gesi ya Vita Kuu ya Kwanza, ilikataza tu kutumia gesi na vijidudu vitani; kutengeneza na kuweka akiba haikukataza. Marekani iliitia saini, kisha ikakaa nusu karne bila kuiridhia. Na walioiridhia je? Italia iliridhia, halafu ikawamwagia Waethiopia gesi ya haradali mwaka 1935 na 1936. Haile Selassie alikwenda mwenyewe Geneva kulalamika. Akasikilizwa, akarudi mikono mitupu.

Mwaka 1969 Rais Nixon alitangaza kuachana na silaha za vijidudu, na Aprili 10, 1972, mkataba wa kuzipiga marufuku, pamoja na kuzitengeneza na kuzihifadhi, ukafunguliwa kwa saini. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa miongoni mwa waliotia saini. Ulianza kufanya kazi Machi 26, 1975. Novemba mwaka huohuo kamati ya Seneti ya Marekani chini ya Frank Church ilichapisha ripoti iliyofichua kifurushi cha Léopoldville. Kamati hiyo iligundua pia kwamba CIA ilikuwa imeficha gramu 11 hivi za sumu ya kombe wa baharini, licha ya amri ya rais kwamba ziharibiwe.

Silaha za kemikali zilipata mkataba wake Paris, Januari 1993. Ule una meno: wakaguzi wake wako The Hague, na akiba ya mwisho iliyotangazwa iliteketezwa Kentucky, Julai 2023. Mkataba wa vijidudu hauna wakaguzi hadi leo. Anayeshuku amefanyiwa hujuma anapeleka malalamiko Baraza la Usalama, mahali ambapo mataifa makubwa yana kura ya turufu. Kongo ya 1960 ingeishitaki Marekani mbele ya Marekani.

Na ingeshitaki kwa ushahidi gani? Baraka inaishi na kolera ya ziwa hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na sampuli ngumu hupelekwa mbali. Ugonjwa usiopimwa haumtaji aliyeuleta, awe ni maji machafu au ni mtu. Kifungu cha 10 cha mkataba wa 1972 kinazitaka nchi wanachama kusaidiana kwa vifaa na elimu ili kuzuia maradhi. Wajumbe wetu wanaokwenda Geneva wakishike hicho, na madai yao ya kwanza yawe maabara kamili kwa ajili ya Baraka na Fizi.