Mbawakawa wa Gome na Misitu ya Harz

Mtu apandaye leo mlima wa Brocken, katika milima ya Harz iliyo katikati ya Ujerumani, huona miteremko mizima ya misonobari iliyokufa nayo ingali imesimama. Ni misonobari ya aina ile ambayo Wajerumani huiita Fichte, na aliyeiua ni mbawakawa asiyezidi milimita sita kwa urefu. Lakini mwanahistoria hatosheki kumjua muuaji; yampasa aulize pia ni nani aliyemwandalia karamu.

Linnaeus alimwandika mdudu huyu mwaka 1758 kwa jina la typographus, yaani mpiga chapa. Dume hutangulia kubungua gome, kisha hutoa harufu ya kuwaita wenziwe. Majike huchimba njia za kwenda juu na chini na kutaga mayai kandokando. Kila buu nalo huchimba njia yake ya ubavuni, hata ukibandua gome utaona michoro mithili ya mistari ya kitabu. Hivyo hukatika mishipa ipitishayo chakula cha mti. Mti wenye nguvu humzamisha adui katika utomvu wake. Mti ulioshikwa na kiu hauna utomvu wa kutosha.

Wala msiba huu si mgeni. Kwa karne nyingi watu wa Harz walichimba fedha na madini mengine, na tanuri za kuyeyushia zikala misitu. Hata katika karne ya 18 wenye mamlaka wakaeneza Fichte, mti uotao upesi na kunyooka, mahali ambapo zamani ilistawi miti ya majani mapana. Haukupita muda mrefu, mbawakawa akafanya maangamizi. Mwaka 1787 Johann Friedrich Gmelin, mwalimu wa chuo kikuu cha Göttingen, alitoa kitabu kizima juu ya balaa hilo. Wataalamu wa zama hizo walibishana: je, mdudu ndiye auaye mti, au mti huugua kwanza ndipo mdudu aje?

Baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945, Waingereza walikata sehemu kubwa ya misitu ya Harz ya magharibi kuwa fidia ya vita, na mbawakawa akashambulia tena. Wanawake wengi waliajiriwa kupanda upya. Sarafu ya Ujerumani ya Magharibi ya pfennig 50, iliyotoka kwanza mwaka 1949, ilikuwa na sura ya mwanamke amepiga magoti akipanda mche wa mwaloni. Ila katika Harz mche uliopandwa kwa wingi ulikuwa Fichte.

Miche hiyo ilikua pamoja, ikawa ya umri mmoja. Mwaka 1018 haukuwa na msitu wa namna hiyo, bali mwaka 2018 uliukuta tayari: dhoruba ya Januari iliangusha miti, ukame ukafuata miaka mitatu, na joto likampa mdudu vizazi vingi zaidi kwa mwaka. Hadi Aprili 2021 Ujerumani nzima ilikuwa imepoteza miti katika hekta zipatazo 500,000.

Basi ubishi ule wa kale una jibu: pande zote mbili zilisema kweli, lakini zote zilimsahau mpandaji. Katika hifadhi ya taifa ya Harz mizoga mingi ya miti imeachwa, na kati yake machipukizi ya miti mbalimbali yanaota. Nje ya hifadhi mwenye shamba angali na uchaguzi, na atakaowaachia matokeo yake ni wajukuu.