Tetesi Mbili za New Orleans

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 29 Agosti 2005, watu wa mtaa wa Lower Ninth Ward mjini New Orleans, Marekani, walisikia kishindo. Kimbunga Katrina kilikuwa kimefika pwani ya Louisiana, stima imepotea, upepo unapiga mabati. Lakini kishindo hiki hakikuwa cha upepo. Baada yake yalikuja maji, na hayakupanda polepole kama maji ya mvua. Yalikuja na nguvu, yakang'oa nyumba kwenye misingi, yakaingia mtaani na tishari zima la chuma, ile meli bapa ya kubebea mizigo, likaenda kutua juu ya nyumba za watu. Waliokimbilia darini walitoboa paa ili watoke. Na wengi wao, hadi leo, wanasema kitu kimoja: walilipua ukuta.

Nani alilipua? Wao. Wakubwa. Eti walitia baruti kwenye ukuta wa mfereji wa Industrial Canal ili maji yamalizie kwa watu weusi maskini na mitaa ya matajiri ipone.

Hiyo ndiyo tetesi ya kwanza. Ya pili ilianza siku mbili tatu baadaye, na hiyo haikutoka kwenye mapaa ya maskini. Ilitoka kwenye ofisi na kwenye televisheni. Eti ndani ya uwanja wa Superdome, walikokimbilia watu zaidi ya 20,000, watoto wanabakwa, watu wanachinjana, maiti zimerundikana. Eti magenge yameteka mji. Eti helikopta za uokoaji zinapigwa risasi.

Tetesi zote mbili hazikuwa za kweli. Lakini moja ilichekwa na nyingine ikageuka kuwa amri. Ukitaka kuelewa kilichotokea New Orleans wiki ile, usiishie kwa kimbunga. Fuata hizi stori mbili uone kila moja ilifika wapi.

Tuanze na ile ya wakubwa. Ukisoma hii ukiwa Nairobi pengine unajiuliza: kwani hawakuambiwa wahame? Waliambiwa. Jumapili tarehe 28, siku moja kabla, Meya Ray Nagin alitoa amri ya kila mtu kuondoka, amri ya kwanza ya aina hiyo katika historia ya mji huo. Wenye magari walishika barabara. Lakini makumi ya maelfu ya watu hawakuwa na gari, na ilikuwa mwisho wa mwezi, mfuko umekauka. Wazee, wagonjwa, akina mama na watoto walibaki. Walioweza walitembea hadi Superdome. Kisha kuta na matuta ya kuzuia maji yakavunjika katika sehemu zaidi ya 50, na karibu asilimia 80 ya mji ikawa chini ya maji.

Sasa, mtu aliyekwama juu ya paa siku ya tatu bila maji ya kunywa anahitaji nini? Anahitaji boti. Lakini usiku wa Jumatano tarehe 31, Meya Nagin aliwaamuru polisi kama 1,500 waache kazi ya kutafuta na kuokoa watu, warudi barabarani kupambana na waporaji. Gavana Kathleen Blanco naye alipotangaza kuwasili kwa wanajeshi wa National Guard, alitahadharisha kwamba bunduki zao zina risasi, wanajua kuua, na wako tayari kufanya hivyo. Hapo alikuwa anaongea kuhusu raia wake mwenyewe, wenye njaa, ndani ya maji machafu.

Hata picha ziliingia kwenye mchezo huo. Tarehe 30 Agosti mashirika mawili ya habari yalitoa picha zinazofanana kabisa: watu wamezama hadi kifuani, wamebeba vyakula kutoka dukani. Chini ya ile ya kijana mweusi iliandikwa kwamba alikuwa ametoka kupora duka. Chini ya ile ya wazungu wawili iliandikwa kwamba wamepata mkate na soda dukani. Mmoja anapora, mwingine anapata. Picha hizo zilisambaa, na watu weusi wa Marekani hawakuhitaji kuelezwa zaidi.

Tetesi ikitoka kwa mwenye bunduki, huwa na matokeo. Tarehe 1 Septemba, mamia ya watu walijaribu kuvuka kwa miguu daraja la mto Mississippi kwenda upande wa Gretna, ambako kulikuwa kukavu. Polisi wa huko wakawazuia, wakafyatua risasi hewani, wakawarudisha kwenye mji uliofurika. Tarehe 4 Septemba, kwenye daraja la Danziger, polisi wa New Orleans waliwapiga risasi watu ambao hawakuwa na silaha. Wawili walikufa, wanne wakajeruhiwa. Kesi ilichukua zaidi ya miaka kumi, hukumu ya kwanza ikatupwa, na ni mwaka 2016 tu maafisa hao walipokiri makosa yao mahakamani.

Na zile maiti za Superdome? Watu walipoondolewa, daktari wa serikali alifika na lori lenye jokofu akitarajia kubeba miili 200. Aliikuta sita. Wanne walikufa kwa maradhi, mmoja kwa dawa za kulevya, mmoja inaonekana alijiua. Hakuna aliyeuawa ndani ya ule uwanja. Mwisho wa Septemba gazeti la mji, Times-Picayune, liliandika kwamba zile habari za kutisha zilikuwa zimepigwa chumvi sana. Kumbe mkuu wa polisi, Eddie Compass, na Meya Nagin walikuwa tayari wamezisimulia kwenye kipindi cha Oprah Winfrey, dunia nzima ikisikiliza. Compass alijiuzulu. Lakini neno likishatoka mdomoni halirudi.

Sasa turudi kwenye ile ya kwanza, ya baruti. Desemba 2005, mkazi mmoja aliiambia kamati ya Bunge la Marekani kwamba kuta zililipuliwa na ana mashahidi. Wengi walimwona kama mtu aliyechanganyikiwa. Ni rahisi kumcheka hadi ujue historia ya mji huo.

Mwaka 1927 mto Mississippi ulifurika vibaya sana. Mabenki na matajiri wa New Orleans waliogopa kwamba mji utazama, wakamshawishi gavana akubali jambo moja: tuta la mto livunjwe upande wa chini, mahali panapoitwa Caernarvon, ili maji yapate pa kwenda. Tarehe 29 Aprili mwaka huo baruti ikatiwa, mbele ya waandishi wa habari. Maji yakamwagika St. Bernard na Plaquemines, wilaya za wavuvi, wawindaji na wakulima wadogo, wazungu na weusi. Kama watu 10,000 walipoteza makazi. Waliahidiwa fidia. Wengi waliambulia kidogo, wengine hawakuona kitu. Na la kuuma zaidi ni kwamba mlipuko huo haukuhitajika, kwa sababu matuta ya juu ya mto yalikuwa yakivunjika yenyewe na kuupunguzia mji mzigo.

Lower Ninth Ward inapakana na St. Bernard. Stori hiyo haikuwa ya vitabuni kwa watu wa pale, ilikuwa ya nyanya na babu. Kimbunga Betsy kilipofurisha mtaa huo huo Septemba 1965, wakasema tena: wamelipua. Safari hiyo, angalau, kuna aliyekuja kuwaona. Siku iliyofuata Rais Lyndon Johnson alitua New Orleans, akaingia kwenye shule iliyojaa waathiriwa, gizani, tochi ikamulikwa usoni pake ili watu waone ni nani, akawaambia kwamba yeye ni rais wao na amekuja kusaidia. Unaweza kusema ilikuwa siasa, na ilikuwa siasa. Lakini mwaka huo huo Bunge likapitisha mradi wa kuzungushia mji kuta mpya, kazi wakapewa wahandisi wa jeshi. Ulitakiwa uchukue miaka 13. Katrina ilipofika, miaka 40 baadaye, mradi ulikuwa haujakamilika.

Linganisha na 2005. Rais George W. Bush alikuwa likizoni Texas. Jumatano tarehe 31 Agosti, akirudi Washington, ndege yake ilipita juu ya mji na yeye akapigwa picha akichungulia dirishani. Picha hiyo ilimfuata hadi mwisho wa urais wake. Siku mbili baadaye, akiwa Alabama, alimsifu hadharani Michael Brown, mkuu wa shirika la serikali kuu la majanga, FEMA, kwamba anafanya kazi nzuri sana. Huyo ndiye Brown aliyekuwa ameiambia televisheni, siku moja kabla, kwamba amejua siku hiyo tu kuwa kuna maelfu ya watu wamekwama katika jumba la mikutano la mji, wakati kila mwenye runinga alikuwa anawaona. Tarehe 12 Septemba Brown alijiuzulu.

Ni usiku ule ule wa tarehe 2 ndipo Kanye West, katika kipindi cha moja kwa moja cha kuchangisha pesa, alipoacha maneno aliyoandikiwa akasema kwamba George Bush hawajali watu weusi. Mwenzake Mike Myers alibaki amesimama, hajui aangalie wapi. Miaka mitano baadaye Bush aliyataja maneno hayo kama moja ya nyakati mbaya zaidi za urais wake. Si mji kuzama. Kuambiwa vile.

Marekani ilikuwa imegawanyika hasa. Kituo cha Pew kiliuliza watu mwezi huo: je, serikali ingefanya haraka zaidi kama waathiriwa wangekuwa wazungu? Asilimia 66 ya weusi walisema ndiyo. Kwa wazungu, ni asilimia 17 tu. Hao wote walitazama runinga moja.

Basi kuta zilivunjika vipi kama si baruti? Jibu lilikuja Juni 2006. Wahandisi wa jeshi walitoa ripoti ndefu, na mkuu wao akakiri hadharani kwamba mfumo waliojenga ulishindwa kwa sababu ya makosa ya usanifu. Katika mifereji ya 17th Street na London Avenue, kuta zilianguka kabla maji hayajafika juu yake. Udongo wa chini ulikuwa laini, na hesabu zake zilikosewa. Kile kishindo cha Lower Ninth Ward kilikuwa kweli. Ulikuwa ukuta ukivunjika. Watu walisikia sawasawa. Walichokosea ni kudhani lazima kuwe na mtu aliyewasha utambi asubuhi ile, wakati ukuta ulikuwa umeshindwa tangu siku ulipochorwa.

Wakaenda mahakamani. Januari 2008 jaji wa New Orleans alitupa kesi yao ya mifereji, huku akiwalaumu vikali wahandisi kwenye hukumu hiyo hiyo. Alisema mikono yake imefungwa na sheria ambayo haimruhusu mtu kuidai serikali kuu hasara ya maji ya mafuriko. Sheria hiyo ni ya mwaka 1928. Ilizaliwa na mafuriko ya 1927, yale yale ya baruti.

Watu walipoanza kurudi, tetesi nyingine zilikuta ushahidi tayari. Januari 2006 tume ya meya ya kujenga mji upya ilitoa ramani yenye madoa ya kijani, mahali ambapo bustani zingechukua nafasi ya nyumba. Watu waliona mitaa yao kwenye gazeti ikiwa kijani, wakaja juu hadi mpango ukawekwa kando. Desemba 2007 baraza la mji lilipiga kura, wote saba, kubomoa nyumba za serikali kama 4,500 katika mitaa minne, huku nje polisi wakiwamwagia waandamanaji pilipili machoni. Pesa za kujengea upya zilihesabiwa kwa bei ya nyumba kabla ya mafuriko, si kwa gharama ya ujenzi, kwa hivyo mwenye nyumba katika mtaa wa weusi alipata kidogo kwa uharibifu ule ule. Sensa ya 2010 ilikuta weusi wamepungua mjini kwa zaidi ya 100,000 kulinganisha na mwaka 2000.

Kuhusu waliokufa, hesabu ya zamani ilikuwa zaidi ya 1,800. Mwaka 2023 kituo cha taifa cha vimbunga kiliirekebisha hadi 1,392. Wengi walikuwa wazee.

Huwa tunaambiwa tetesi ni ugonjwa wa watu wasiosoma, na dawa yake ni taarifa sahihi. New Orleans inaonyesha vingine. Tetesi ya maskini ilikosea jambo moja, ile baruti, lakini ilijua kwamba maisha yao yamewahi kupigiwa hesabu yakaonekana ni ya bei rahisi. Tetesi ya wakubwa ilikosea karibu kila kitu, na ndiyo iliyoondoa polisi kwenye boti na kuwapa ruhusa ya kuwaogopa watu waliotakiwa kuwaokoa. Ya kwanza haikumzamisha mtu yeyote.

Kwa hivyo mafuriko yanayofuata yakija, popote yatakapokuja, na ukasikia mkubwa akisimama mbele ya kamera na kuanza na waporaji kabla hajataja boti, hesabu siku. Kuna watu juu ya paa wanamsubiri amalize kuongea.