Gari Linalonusa Mafuta: Historia ya Kubana Petroli kati ya Dar es Salaam, Lilongwe na Dzaleka

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya utafutaji wa gari kuukuu la bei nafuu na urekebishaji wake ili litumie mafuta kidogo, kwa kuzingatia njia inayounganisha bandari ya Dar es Salaam, jiji la Lilongwe na kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Hoja kuu ni mbili. Kwanza, mbinu nyingi za kubana mafuta zilizoenea katika eneo hili zilizaliwa katika enzi ya kabureta na zikarithiwa na magari ambayo haziyafai. Pili, ubanaji wenye tija zaidi haukupatikana ndani ya injini, bali katika idadi ya watu wanaogawana lita moja.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha mitaani, gari dogo lisilotumia mafuta mengi husifiwa kwamba halinywi mafuta, linanusa. Sifa hiyo imebeba historia ya uchumi. Mnunuzi anayeitafuta si mpenda mashine tu. Mara nyingi ni mtu ambaye tofauti ya lita tano kwa siku humwamulia kama watoto watakula au la.

Kwingineko duniani, shughuli hii ilianza kama mchezo. Mwaka 1939, wanasayansi wa kampuni ya Shell huko Illinois, Marekani, walishindana kuona gari la nani litakwenda mbali zaidi kwa kiasi kilekile cha petroli. Mashindano hayo yaliendelea, na mwaka 1973 gari la Opel la mwaka 1959, lililovuliwa karibu kila kisichohitajika, lilifikia takriban kilomita 160 kwa lita. Hata hivyo, gari hilo halikubeba abiria wala mzigo, na halikuwa la kutumika barabarani. Kwa msafiri wa Dzaleka, ushindi wa namna hiyo hauna faida. Swali lake ni lingine: lita moja itawafikisha watu wangapi mjini?

2.0 Nchi isiyo na bandari

Uhaba wa petroli nchini Malawi una mizizi ya kijiografia na kisiasa. Nchi haina bahari, na mafuta yake huingia kupitia Beira, Nacala na Dar es Salaam. Katika miaka ya 1980, vita vya Msumbiji vilizifunga reli za Beira na Nacala, mizigo ikalazimika kuzunguka mbali, ikiwemo kupitia Dar es Salaam na Mbeya. Tangu wakati huo njia ya kaskazini imekuwa na uzito katika maisha ya Wamalawi, na kwa njia hiyo hiyo yalikuja kupita magari yaliyotumika kutoka Japani.

Jitihada ya kujitegemea ilianza mapema. Tangu mwaka 1982, ethanoli inayotengenezwa Dwangwa kutokana na molasi ya miwa imekuwa ikichanganywa na petroli. Hatua hiyo ilipunguza kiasi cha petroli cha kuagiza, lakini haikumwondolea dereva hesabu zake, kwa kuwa lita ya ethanoli ina nishati pungufu kwa takriban theluthi moja ikilinganishwa na lita ya petroli.

Upande wa pili wa njia hiyo, Tanzania ilipata jibu tofauti. Gesi asilia ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, na baadaye Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ikawa miongoni mwa vituo vinavyofunga mfumo wa gesi katika magari ya petroli. Fundi wa Dar es Salaam akaweza kubadili aina ya nishati yenyewe. Fundi wa Lilongwe, asiye na bomba la gesi, alibaki na petroli ileile na kulazimika kutafuta namna ya kuipunguza.

Ulazima huo uliongezeka kila sarafu ilipoanguka. Upungufu wa mafuta na wa fedha za kigeni ulikuwa miongoni mwa malalamiko ya maandamano ya Julai 2011. Kwacha ilishushwa thamani kwa takriban theluthi moja mwezi Mei 2012, kwa asilimia 25 mwezi Mei 2022, na kwa asilimia 44 mwezi Novemba 2023. Kila mara, mwenye gari alilipa mara mbili: kwenye pampu na kwenye duka la vipuri.

3.0 Kutoka kabureta hadi kompyuta

Magari yaliyotawala barabara za eneo hili hadi miaka ya 1980 yalitumia kabureta. Katika mfumo huo, fundi mwenye bisibisi na sikio zuri aliweza kupunguza mafuta kwa kukaza skrubu na kusikiliza mlio wa injini. Dereva naye alijifunza kutia gia ya nyutro mteremkoni, kwa sababu kabureta huendelea kuvuta mafuta kadiri injini inavyozunguka kwa kasi.

Kulegezwa kwa masharti ya biashara, kulikoanza Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na kushika kasi Malawi baada ya mwaka 1994, kulifungua mlango kwa mitumba ya Japani. Sababu za wingi wake zinafahamika. Japani, kama Tanzania na Malawi, huendesha upande wa kushoto. Na ukaguzi wa lazima wa magari nchini humo huyafanya yaliyozeeka kuwa mzigo kwa wenyewe. Hivyo zikaingia Mazda Demio, Toyota Vitz iliyotolewa mwaka 1999, na Toyota Sienta iliyotolewa mwaka 2003, zote zikiwa na injini ndogo ambazo kompyuta hupima mafuta yake.

Mashine ilibadilika, desturi haikubadilika. Injini ya kisasa, gari likiteremka huku gia imeingia na mguu umeondolewa kwenye pedali, hukata mafuta kabisa. Dereva anayetia nyutro huilazimisha injini kuendelea kunywa ili isizime, na papo hapo hupoteza msaada wa injini katika kupunguza mwendo. Anadhani anaokoa, kumbe anatumia zaidi na kuchosha breki.

Mfano wa pili ni themostati. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki wameiondoa kwa imani kwamba ni kifaa cha nchi za baridi, na kwamba bila hicho injini haitachemka. Matokeo yake, injini huchelewa kupata joto linalostahili, na kompyuta, ikidhani gari ndiyo kwanza limewashwa, huongeza mafuta. Kifaa kidogo kilichotupwa gereji hudaiwa kila siku kwenye pampu.

Haifai kuwalaumu mafundi hao kwa ujinga. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake cha mwaka 2021 kuhusu historia ya magari nchini Tanzania, ameonyesha kwamba gereji za mitaani zilikuwa mahali pa kuzalisha maarifa, si pa kuyaiga tu. Maarifa ya kabureta yalikuwa sahihi kwa kabureta. Tatizo ni kwamba magari yalifika bila ujuzi wake, na mara nyingi yakiwa na maelekezo ya Kijapani ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma.

4.0 Hesabu ya njia ya Dzaleka

Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa chini ya utawala wa Kamuzu Banda. Ilifanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Ilikusudiwa watu wasiozidi takriban 12,000. Leo inahifadhi zaidi ya 50,000, wengi wao wakitoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, Mkongo asemaye esansi akielewana na mwenzake asemaye petroli.

Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, iliweka masharti kuhusu ajira na uhuru wa kutembea. Machi 2023, serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warejee kambini. Kwa mfanyabiashara aliyetenganishwa na wateja wake kwa takriban kilomita 45, nauli ikawa sehemu ya mtaji.

Chukua mfano wa hesabu. Safari ya kwenda na kurudi ni kilomita 90. Vitz inayokwenda kilomita 18 kwa lita hutumia lita 5. Ikibeba abiria wanne, kila mmoja ametumia lita moja na robo. Sienta inayokwenda kilomita 15 kwa lita hutumia lita 6. Ikibeba abiria sita, kila mmoja ametumia lita moja. Gari linalokula zaidi ndilo linalobana zaidi. Hiyo ni sababu mojawapo ya Sienta kuenea katika usafiri wa abiria nchini Malawi. Lakini hesabu hiyo ina mpaka: abiria wa saba na wa nane, wakibanwa kwenye kiti kisicho chao, hupunguza lita kwa kila kichwa na kuongeza hatari kwa vichwa vyote.

Hesabu hii yafaa pia wakati wa kununua. Rahisi huvunja upishi, walisema wahenga. Mkweche wa bei ya chini wenye sensa ya oksijeni iliyokufa, chujio la hewa lililoziba na breki zinazoshika gurudumu unaweza kumeza tofauti ya bei kabla ya mwaka kwisha. Urekebishaji wenye faida ni ule usio na fahari: plagi mpya, themostati iliyorudishwa, upepo sahihi wa matairi, keria tupu iliyoteremshwa juu ya paa.

5.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba kubana mafuta katika njia ya Dar es Salaam, Lilongwe na Dzaleka ni zao la bandari za mbali, sarafu dhaifu na sheria za makazi, kabla ya kuwa suala la injini. Inaonyesha pia pengo ambalo wanazuoni wa Kiswahili wanaweza kusaidia kuliziba. Lugha inayosemwa gereji za Dar es Salaam, Bujumbura, Bukavu na Dzaleka ni moja. Miongozo ya ufundi wa injini za kisasa inayoandikwa kwa lugha hiyo ni michache mno. Maarifa ya kabureta yalipita kwa mdomo, kutoka fundi hadi mwanagenzi. Maarifa ya kompyuta yanahitaji kuandikwa. Hadi hapo, themostati nzuri zitaendelea kutupwa, na wanaolipia watakuwa wale wasio na lita ya kupoteza.