Ukwaruzo wa Sauti kama Ushahidi wa Kihistoria: Amplifaya za Kuundwa kwa Mikono Mjini Tabora

Insha hii inachunguza jambo ambalo wanahistoria wa muziki wa dansi hulipita haraka, nalo ni ukwaruzo wa sauti katika amplifaya zilizoundwa na mafundi redio wa mitaani. Hoja kuu ni kwamba ukwaruzo hauna chanzo kimoja. Mtafiti asiyetenganisha vyanzo vyake huweza kumtwisha mpiga gitaa kosa la betri, au kumwita fundi asiyejua kazi ilhali fundi huyo alikuwa amefanya uamuzi wa makusudi.

Tabora inafaa kwa uchunguzi huu kutokana na mahali ilipo. Katika karne ya 19, mji huo wa Unyanyembe ulikuwa kituo kikuu cha misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walipeleka bara nguo, shanga na nyaya za shaba, wakateremsha pwani pembe za ndovu. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa kiasi kikubwa mwelekeo uleule. Hivyo, hata baada ya uhuru, kipuri kilichoshushwa katika bandari ya Dar es Salaam kilikuwa bado na takribani kilomita 840 za reli kabla ya kumfikia fundi wa Tabora. Wakati huohuo mji ulikuwa na hadhira ya gitaa la umeme. Tabora Jazz, iliyovuma kwa wimbo “Dada Asha” wa Shem Karenga, na Nyanyembe Jazz ni ushahidi wa hilo.

Ili kuelewa kazi ya mafundi hao, niliunda amplifaya ndogo ya mtindo wao: transista mbili za kutoa nguvu zinazopokezana nusu mbili za wimbi la sauti, spika ya omu 8 na betri ya gari ya volti 12. Hesabu ya mzunguko wa namna hii ni nyepesi. Wimbi haliwezi kupanda zaidi ya volti 6 wala kushuka zaidi ya volti 6 kutoka katikati, kwa hiyo nguvu inayofika kwenye spika haizidi wati 2.25. Betri ikichoka hadi volti 10.5, kiwango hicho hushuka hadi wati 1.7 hivi. Mpigaji akidai zaidi ya hapo, vilele vya wimbi hukatwa na sauti hupasuka. Huu ndio ukwaruzo wa kwanza, na dalili yake ni kwamba hutokea sauti inapopandishwa.

Amplifaya yangu ilikwaruza, nami nikailaumu betri. Niliichaji usiku kucha bila mafanikio. Kosa langu lilidhihirika nilipopunguza sauti, kwani ukwaruzo ulizidi, na nilipoipandisha ulififia. Tatizo halikuwa betri. Transista ya silikoni huhitaji takribani volti 0.6 kabla ya kuanza kupitisha mkondo. Isipotangulizwa volti hiyo, transista moja hunyamaza kabla ya mwenzake kuanza, na pengo hubaki katikati ya wimbi. Katika sauti kubwa pengo hilo halisikiki sana, lakini katika sauti ndogo hula sehemu kubwa ya wimbi lenyewe. Niliongeza diodi mbili ili kuitanguliza volti hiyo, na sauti ikasafika.

Usafi huo una gharama. Transista inapopata joto, volti inayohitaji hupungua kwa takribani milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Amplifaya iliyorekebishwa katika baridi ya usiku wa Julai hupitisha mkondo mwingi zaidi katika jua la mchana wa Oktoba. Mkondo huongeza joto, joto nalo huongeza mkondo, na mwisho wake transista huungua. Kuzigusisha diodi na bati la kupoozea transista hupunguza hatari hiyo, lakini haiondoi kabisa. Njia ya uhakika kwa fundi ni kutanguliza volti pungufu kidogo na kuuvumilia ukwaruzo.

Hapa uamuzi wa kiufundi unageuka kuwa wa kiuchumi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya kupanda kwa bei ya mafuta na Vita vya Kagera, Tanzania ilikabiliwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na bidhaa za nje ziliadimika. Kwa fundi aliye mwishoni mwa njia ndefu ya ugavi, transista iliyoungua ilikuwa hasara isiyozibika kwa urahisi. Kwa mtazamo huo, amplifaya iliyokwaruza katika sauti ya chini yaweza kusomwa kama alama ya tahadhari, wala si lazima iwe alama ya ujinga.

Kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam hazitupi ushahidi huu, kwa kuwa zilirekodiwa kwa vifaa vya studio. Anayezisikiliza peke yake husikia nyimbo za wakati ule bila kusikia hali ya vifaa vilivyozifikisha mitaani. Ushahidi uliobaki umo katika vifaa vyenyewe na katika kumbukumbu za mafundi wazee. Kwa sababu hiyo, katika mahojiano haitoshi kumuuliza fundi kama amplifaya yake ilikwaruza. Aulizwe ilikwaruza lini: sauti ikiwa juu au ikiwa chini, mchana au usiku. Jibu la kwanza hutenganisha betri na transista, na la pili hutuonesha fundi alichochagua kukilinda.