Ngoma na Jazi Katika Njia Panda ya Makambako

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya hupita hapo, na nyingine hushika kusini kwenda Njombe na Songea. Zamani, kabla ya reli ya TAZARA kujengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, vijana wa Kibena walitoka nyanda hizi kwenda mashamba ya mkonge, wakaitwa manamba. Mzigo wa manamba ulikuwa mdogo, lakini ngoma ya kwao haikuhitaji mzigo. Siku ya mapumziko ilichezwa kambini, kando ya ngoma za makabila mengine.

Kuchanganya muziki wa kwao na wa kigeni si jambo lililoanza na gitaa. Kando ya Ziwa Nyasa, baada ya vita vya 1914–1918, watu waliigiza tarumbeta za askari kwa vibuyu, wakapanga safu kama kwenye gwaride, wakaiita ngoma hiyo mganda. Kilichoazimwa kilipata wenyewe wapya.

Jazi ilikuja kwa jina kuliko kwa muziki. Dar es Salaam Jazz na bendi zilizofuata zilijifunza zaidi katika sahani za santuri za Kuba kuliko katika muziki wa New Orleans. Huko Morogoro, Salum Abdallah aliita bendi yake Cuban Marimba, na hakuna aliyeona ajabu. Basi Desemba 1962, Rais Nyerere alipoanzisha wizara ya utamaduni, alilaumu kwamba wasomi walijua rumba na chachacha, lakini wachache walijua gombe sugu, mangala au kiduo. Lawama ile iliwagusa wapiga gitaa pia, ingawa wao, kwa haki, hawakuwa wasomi wale.

Jibu lao halikuwa kuacha gitaa. NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoundwa mwaka 1964, ilijulikana kwa mtindo wa msondo, jina la ngoma ndefu ya unyago wa pwani. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilichukua sikinde ya Wazaramo. Wala haikuwa jina tupu. Wimbo ulianza polepole, maneno yakisikika vema. Kisha likaja chemko, magitaa yakajibizana kama ngoma kubwa na ndogo, na waimbaji wakaitikiana kama uwanjani.

Mwaka huohuo wa 1978, huko Korea, Kim Duk-soo na wenzake walipandisha jukwaani ngoma na patu za shaba za wakulima, wakajiita SamulNori. Mwaka 1989 wakarekodi pamoja na kundi la jazi la Red Sun. Wao waliketi na jazi wakiwa na vyombo vyao mikononi. Huku kwetu ngoma iliingia ndani ya gitaa, na mara nyingi chombo chenyewe kilibaki nje.

Tena ngoma zilizovuma hivyo zilikuwa za pwani, karibu na studio ya redio. Njombe ilipeleka watu mkongeni. Ilichorudishiwa ni sauti ya redio jioni, nyumbani penye baridi, na wazee wakajifunza kutamka sikinde kabla hawajamwona Mzaramo akiicheza.